Mwanangu amekataa chakula cha Hawe yake, nyanyake

Assalaam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Nilizaliwa kwenye nyumba ya Wagiriama Wakristo. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa, na mama hadi leo hakosi ibada ya Jumapili hata mvua inyeshe vipi. Miaka 16 iliyopita niliolewa na Mwislamu nikasilimu, kwa hiari yangu, na sijajuta hata siku moja.

Nyumbani jambo hilo halikuleta vita. Mama alilia kama wiki hivi, halafu akanyamaza. Kisha akaenda Kongowea akanunua sufuria tatu mpya, akaziweka peke yake juu ya kabati, akasema: hizi za mkwe wangu. Tangu wakati huo kila Jumapili tunakwenda kula kwake, na kuku hupelekwa kwanza kwa kijana wa jirani, Mwislamu, amchinje. Mama hajawahi kututangazia hilo. Niliambiwa na kijana mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mke, na bado anagongewa mlango kila Jumapili alfajiri.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenijulisha kwa mume wangu. Walikuwa zamu moja bandarini, wakigawana mahamri kabla hawajawa walamu. Nakueleza haya ili ujue kilichovunjika.

Uchaguzi wa 2027 haujafika lakini wanaotaka kiti cha mwakilishi wa wadi yetu wameshaanza kupita mitaani. Wawili ndio wanaosikika zaidi, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo. Mume wangu hunywa kahawa barazani baada ya Isha, na huko pamezuka maneno kwamba kiti hiki ni haki ya Waislamu, na Mwislamu atakayempa kura mtu wa dini nyingine ameusaliti umma na ataulizwa mbele ya Mungu. Kaka yangu naye, kanisani kwao yule mgombea mwingine aliitwa mbele, akawekewa mikono, na mhubiri akatangaza kwamba Mungu ameshamfunulia mshindi.

Jumapili moja tukiwa mkekani mama alisema tu kwamba mfereji una siku tisa hautoi hata tone, na wenye mikokoteni wamepandisha bei ya mtungi. Mume wangu akasema ndiyo maana tunataka mtu anayemcha Mungu. Kaka akauliza: Mungu wenu au wetu? Basi, maji yakasahauliwa pale pale. Mume wangu akasema Waislamu wa Pwani wamekanyagwa tangu uhuru. Kaka akajibu kwamba wakipewa kiti wataleta sharia, kama walivyotuletea mahakama za kadhi. Kila mmoja akawa na aya yake. Mwisho mume wangu alinyanyuka, akasema hali sinia moja na mtu anayeitukana dini yake. Ni miezi mitatu sasa. Kazini wanapishana kama watu wasiojuana.

Mimi nimekuwa nikienda kwa mama na watoto tu. Wiki mbili zilizopita kifunguamimba wangu, ana miaka 13, yuko gredi ya nane, alikataa kuingia ndani. Mama akamletea sahani mlangoni. Akasema, “Mimi sili chakula cha makafiri.” Mama hakumjibu. Alirudi na sahani jikoni, akaifunika kwa kawa, akaja akakaa nami tukazungumza habari za mvua.

Shangazi, naomba unijibu mambo mawili. Je, nipige marufuku dini isitajwe tena tunapozungumza siasa nyumbani kwangu? Na la pili nalisema kwako tu: moyo wangu unaelekea kwa yule mgombea Mkristo. Si kwa dini yake. Ndiye pekee aliyekuja mtaani kwetu na karatasi akatuonyesha bomba litapita wapi. Nikimpa kura yangu, nimeingia dhambini?

Mama wa Watatu, Kisauni

*

Marahaba mwanangu, waaleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye ile sahani iliyorudi jikoni. Kwa hivyo nitaanza na mtoto. Wagombea watangoja.

Usimngojee babake. Kaa naye usiku huu, nyinyi wawili, umsimulie habari za sufuria tatu na za kijana wa jirani. Sidhani anazijua. Watoto huletewa chakula, hawajui kimepita wapi. Kisha mpeleke kwa maalimu unayemwamini, akamsomee aya ya 5 ya Suratul Maida, inayosema wazi kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu. Mimi si sheikh na fatwa sitoi, lakini hili limo msahafuni, kila aliyekaa chuoni amelipitia. Amsimulie pia kisa cha Asmaa binti Abubakar. Mamake alimjia Madina akiwa bado mshirikina, si Mkristo wala Myahudi, na Asmaa akamwuliza Mtume s.a.w. kama amuunge udugu. Akajibiwa kwamba ndiyo, amuunge mamake. Bukhari na Muslim wote wameipokea hadithi hiyo. Mamako amevuka hatua nyingi kuliko yule mama wa Asmaa, na mjukuu wake amefunzwa na watu wa nje kumkataa.

Usimpige. Lakini usilipuuze, kwa sababu neno lile hakulitunga yeye, na katika mji huu tumeona linakoelekea. Agosti 2012 mhubiri mmoja alipouawa kwa risasi hapa Mombasa, vijana walimiminika barabarani na makanisa yakavamiwa, ilhali waliokuwa wakisali humo hawakumwua mtu. Machi 2014 waumini wa Likoni walipigwa risasi wakiwa kanisani, katikati ya ibada. Na baada ya kila tukio, vijana wetu wa kanzu walikuwa hawawezi kupanda matatu bila kutazamwa kama kwamba wao ndio. Baadhi ya vijana waliotupa mawe miaka ile niliwafundisha kusoma. Nawakumbuka wakikaa dawati moja na watoto wa pasta na kugawana kalamu. Kuna siku walipewa lile neno, na miaka michache baadaye wakashika jiwe.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, usipige marufuku dini. Hutaweza, na hata ungeweza, mimi nisingependa.

Mombasa si mji ambao siasa yake ilikuwa huku na dini kule. Mwaka 1963, kabla ya uhuru, ukanda wa pwani ulikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar, na swali kubwa lilikuwa Mwambao utakwenda wapi. Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakaandikiana barua, na mojawapo ya ahadi ilikuwa kwamba mahakama za kadhi zitalindwa. Kwa hivyo kaka yako amekosea aliposema zililetwa juzi. Zilikuwako hapa kabla ya Kenya yenyewe, na ulinzi wake ulikuwa sehemu ya makubaliano yaliyotufanya tuwe nchi moja. Mumeo ana haki ya kulisema hilo mkekani, na hawezi kulisema bila kutaja dini.

Kaka yako naye ana yake ya kujivunia. Katika miaka ya chama kimoja, wakati wabunge wengi walikuwa wamefyata, sauti zilizosikika zilitoka mimbarini. Mchungaji Timothy Njoya alipanda mimbari siku ya mwaka mpya wa 1990 akahoji kama nchi za Afrika zitaendelea na chama kimoja. Askofu Henry Okullu alidai vyama vingi waziwazi. Askofu Alexander Muge alisema mpaka akatishiwa na waziri mmoja kwamba akienda Busia huenda asirudi. Alikwenda, na Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani akiwa njiani kurudi. Kama watu hawa wangeambiwa dini ikae kanisani, leo hatungekuwa na uchaguzi wa kugombania.

Lakini watazame vizuri, mwanangu. Njoya hakuwa akimnadi mgombea. Alikuwa akimwambia mwenye nguvu asilotaka kusikia, na gharama aliilipa mwenyewe. Kilichofanyika kanisani kwa kaka yako, na kinachosemwa barazani kwa mumeo, ni kitu kingine kabisa: jina la Mungu limechukuliwa likapewa mtu anayetafuta kazi. Huyo mtu akichaguliwa na akaila bajeti ya wadi, aliyesema Mungu kamfunulia atarudi kusema Mungu alikosea? Na wale wa barazani watakwenda kuungama kwamba waliwatisha watu kwa Siku ya Hisabu ili mwenzao apate kiti? Sijawahi kuwaona wakifanya hivyo, na nimeishi hapa chaguzi nyingi.

Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa mumeo wakati mmoja, na sitaki kulificha. Mwaka 1992 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa kisiwani. Vyama vingi vimeruhusiwa, na chama cha Kiislamu, IPK, kikaomba usajili kikanyimwa. Mji ulichafuka. Tulifunga madirisha ya darasa na watoto wakalala sakafuni kwa moshi wa vitoza machozi. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na sababu. Mwislamu wa Pwani akienda kuomba kitambulisho au pasipoti alidaiwa karatasi ambazo mwenzake wa bara hakuwahi kuulizwa. Mashamba yalikuwa yamekwenda. Nilisema, tusipojitetea kama Waislamu nani atatutetea?

Aliyenibadilisha mawazo hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwalimu mwenzangu, Mkristo wa Kilifi, chumba cha walimu, wiki ile ile. Aliniuliza, “Dada, huo uskwota mnaoulalamikia, mimi nao wa kwangu niupeleke chama gani?” Nikakosa jibu. Babu yake na babu yangu walipoteza kwa sheria ile ile, ile ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wathibitishe umiliki kwa taratibu za Kizungu. Waliochelewa au wasiojua, ardhi yao ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ile sheria haikuuliza nani anasali wapi. Wagiriama na Waduruma wengi waliamka wakiwa maskwota kwenye makaburi ya wazee wao, Waislamu, Wakristo na wa dini ya kaya, ile ya asili ya mababu. Na sisi tukaligeuza dai hilo kuwa la Waislamu peke yao, tukamfungia mlango mtu aliyekuwa na dai hilo hilo. Aliyefurahi ni yule aliyeshika ardhi.

Hapo ndipo ninapoona kosa la Jumapili ile. Tazama ulivyoniandikia: mlianza na maji. Mfereji wa mamako ni mkavu, na wenu pia. Maji ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima huko Taita Taveta, Baricho huko Kilifi, Marere na Tiwi huko Kwale, na bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiwa na watu wachache mno kuliko leo. Kusambaza maji ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na bajeti ya kaunti hupitishwa na bunge la kaunti, yaani na hao hao wanaowagombanisha. Palikuwa na mambo ya kuzungumza mpaka Magharibi. Bomba la mtaa wenu limechakaa wapi? Nani alikaa kwenye kiti hicho miaka yote hii na alipitisha fedha gani? Mara pakaulizwa Mungu ni wa nani, na kuanzia hapo hakuna mgombea aliyelazimika kujibu chochote. Wao ndio walionufaika na ugomvi wenu, na hawakuwepo hata mkekani.

Hofu ya kaka yako kuhusu sharia usiicheke. Ina asili. Mwaka 2007 Raila Odinga alitia saini makubaliano na jukwaa la viongozi wa Kiislamu, na punde zikazunguka nakala zisizofanana. Moja ilidai ameahidi sharia. Watu walipigana maneno nchi nzima juu ya karatasi ambayo wengi wao hawakuwa wameisoma. Kwenye kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 ikawa hivyo hivyo kuhusu kadhi. Jirani yangu wa Tudor, mjane Mkristo, alinijia usiku akitetemeka kwamba Katiba mpya ikipita shemeji zake watampeleka kwa kadhi wachukue nyumba. Nilichukua kijitabu cha rasimu tukakisoma pamoja kwenye taa ya chemli, umeme ulikuwa umepotea. Kifungu cha 170 kinasema kadhi anahukumu mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Akakisoma tena peke yake kwa kidole. Alipiga kura gani sikumwuliza. Alilala, hilo nalijua. Mpe kaka yako kifungu hicho akisome. Akishamaliza, asome na cha 8, kinachosema Kenya haina dini ya taifa, na mumeo akisome pia.

Sasa utaniuliza, kama dini isifukuzwe na isitumiwe kama ilivyotumiwa, ikae vipi? Nitakwambia ninavyofanya mimi nyumbani kwangu, ambako watu wa kila namna huja na mabishano hayakatiki. Mtu akitaja Mungu katika jambo la kura, namwomba aseme kwanza Mungu huyo anamdai yeye nini. Yeye, si jirani. Ukisema Uislamu unataka uadilifu, nionyeshe ulipomkatalia Mwislamu mwenzako aliyekuletea mia mbili na leso ya kampeni. Ukisema Kristo anawapenda maskini, niambie ulimwuliza nini mgombea wa kanisa lenu kuhusu wanaovunjiwa vibanda. Dini ikiingia kwa mlango huo, mazungumzo huwa mazito na hakuna anayetukanwa. Wengine hunyamaza, na si vibaya.

Na hili halijaanza na mimi. Hapa hapa Mombasa, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti lililoitwa Al-Islah. Wakati ule Waislamu wa Pwani walikuwa wakipitwa na kila kitu chini ya Mwingereza. Sheikh hakumwachia mkoloni, lakini makali mengi aliyaelekeza kwa wasomaji wake mwenyewe: kwa nini hamsomi, kwa nini mnawaacha watoto bila elimu, kwa nini mmelala? Hiyo ilikuwa siasa, na ilikuwa dini tupu. Mwambie mumeo kwamba mimi natamani baraza lake lirudi kuwa hivyo. Kwa upande wa kaka yako, hukunitajia kanisa gani na sihitaji kulijua, lakini Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa mimbari huko Butere, kwenye kusimikwa kwa Askofu Rose Okeno. Waje wasali kama waumini wengine, alitaka hivyo, wasihutubu. Na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa fedha ambazo Rais alikuwa ametoa kanisani. Hao ni maaskofu, si watu wasiojali dini. Walifanya vile kwa sababu wanaijali.

Swali lako la pili umelileta kwa kunong'ona, nami sitalipigia kelele. Kama moyo unakuhukumu, nenda kwa kadhi au sheikh unayemjua kwa uchaji wake, umwulize. Ila asiwe mtu anayepita mtaani na mgombea, hata akiwa na ndevu hadi kifuani. Mimi ninachoweza kukueleza ni sheria. Kura yako ni ya siri kwa Kifungu cha 38 cha Katiba, na siri hiyo inamhusu hata mumeo. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inahesabu kuwa kosa kumtishia mpiga kura madhara, na imeyataja hata madhara ya kiroho. Maana yake anayewaambia watu kwamba Mungu atawaadhibu wakimchagua fulani anakaribia kosa la jinai, awe amevaa kanzu au joho. Wengi hawajui. Mimi nililisoma nikashusha pumzi, kwa sababu nimeona akina mama wazee wakienda kupiga kura huku wanalia.

Kuhusu yule mgombea wa karatasi, nakusihi usimwamini haraka. Karatasi zenye mistari ya mabomba nimezionyeshwa tangu enzi za manispaa. Mwulize fedha zitatoka mfuko gani wa kaunti na mwaka gani, na kampuni ya maji imesema nini. Kisha mwendee yule Mwislamu umwulize maswali hayo hayo, neno kwa neno. Huenda akakushangaza. Huenda hajaulizwa kitu mpaka leo kwa sababu wote walidhani dini yake imeshajibu.

Waliobaki ni wale wanaume wawili. Usiwaite kuja kusuluhishwa, na mama yako asitumwe kubembeleza. Watu waliobeba gunia pamoja hupatana kwa kazi. Mamako ananunua maji ya mkokoteni kwa umri wake. Anahitaji tangi na mifereji ya paa ya kukinga mvua, na hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mwambie mumeo peke yake, na mwambie kakako peke yake, siku moja na saa moja. Wakifika wakakutana, wape nyundo na ngazi, wewe ingia jikoni. Siku hiyo siasa isizungumzwe. Jumapili nyingine izungumzwe, na izungumzwe kweli, ianze pale ilipokatikia, kwenye maji. Na mumeo, kabla ya yote, anadaiwa neno moja kwa mwanawe kuhusu lile mtoto alilolisema mlangoni. Hata kama hakumfundisha yeye, lilitoka kwenye baraza anakokwenda, na mtoto anamngojea babake amwambie si hivyo.

Umri wa miaka 13 si mdogo. Anajua Bismillahi, anajua kuelekea kibla. Mpigie mamako simu leo, umwambie Jumapili hii asimgongee mtu mlango alfajiri. Kuku amwache amefungwa uani. Mjukuu wake atakuja mapema na kisu.